Aina ya kazi ikiingia kwenye hesabu, pengo la mshahara linapotea. Je, ubaguzi haupo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili hapa Iringa, nyumbani ni Mafinga. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimekusanya dodoso kwa wafanyakazi wa viwanda vya mbao, vikubwa na vile vidogo vya mashine za ding dong. Wastani wa malipo ya wanawake uko chini sana ya ule wa wanaume. Nikiingiza elimu na uzoefu kwenye rigresheni, pengo linapungua kidogo. Nikiingiza aina ya kazi (opereta wa mashine, mnoa misumeno, mpangaji wa mbao, mbebaji, karani) pengo karibu linaisha. Msimamizi wangu anasema niandike kwamba hakuna ubaguzi, kuna tofauti ya kazi tu. Mwenye kiwanda kimoja naye aliniambia wanawake wenyewe hawapendi mashine. Mimi nimekulia pale na moyo unakataa, ila moyo si takwimu. Nifanyeje? Je, nipige na kipimo cha Gini cha ukosefu wa usawa? Na nitumie programu gani, maana Stata ni ghali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na kazi ya dodoso, najua si rahisi kumsimamisha kibarua katikati ya zamu akuhesabie mapato yake.

Nianze na kiini. Rigresheni yako, yaani hesabu inayolinganisha malipo ya watu wenye sifa zinazofanana, haijasema kwamba ubaguzi haupo. Imekuonyesha mahali pengo linapokaa: ni dogo kati ya mwanamke na mwanaume wanaofanya kazi moja, na ni kubwa kwenye suala la nani anapewa kazi ipi. Hilo ni jambo zito kulijua, na msimamizi wako ana haki ya kutaka liandikwe. Ila kutoka hapo hadi kuandika "hakuna ubaguzi" kuna hatua ambayo hesabu hiyo haina nguvu ya kukuvusha.

Tuchukue namba za kubuni ili tuone wazi. Kiwanda kina wanaume 100 na wanawake 100. Kazi ni mbili tu. Mashine inalipa shilingi 2,000 kwa saa, kupanga mbao shilingi 1,000, na kila aliye kwenye kazi moja analipwa sawa bila kujali jinsia. Wanaume 60 wako kwenye mashine, 40 wanapanga mbao. Wanawake 10 wako kwenye mashine, 90 wanapanga mbao. Piga wastani: wanaume shilingi 1,600 kwa saa, wanawake 1,100. Pengo ni shilingi 500. Sasa ingiza aina ya kazi kwenye rigresheni na kizidishi cha jinsia (namba inayoonyesha pengo lililobaki) kitakuwa sifuri kamili. Shilingi zote 500 zimepata maelezo.

Lakini wale wanawake 90 walifikaje kwenye rundo la mbao? Huenda nyapara alitangaza nafasi za mashine, akampima kila aliyetaka kwa kipimo kimoja, na wanawake wengi hawakujitokeza. Huenda pia kila mwanamke aliyefika getini alionyeshwa rundo la mbao kabla hajafungua mdomo. Hali zote mbili zinazaa data ile ile, wastani ule ule na sifuri ile ile. Basi sifuri hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi wa kuchagua hali moja na kuikataa nyingine.

Kwa lugha ya fani, aina ya kazi ni njia ambayo athari ya jinsia inapitia kabla haijafika kwenye malipo. Ukiifunga njia hiyo, athari iliyopitia humo huioni tena, ingawa ipo. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwa nawaambia kabla ya kuingiza kigeu chochote (yaani sifa yoyote inayopimwa) waulize kiliamuliwa na nani, na lini. Elimu aliyokuja nayo mtu kutoka kwao iliamuliwa kabla hajafika getini, kwa hiyo iingize bila wasiwasi. (Kama wasichana walinyimwa shule nyumbani, hilo ni swali la kweli, ila si la mwenye kiwanda.) Aina ya kazi iliamuliwa na mwajiri yule yule unayemchunguza. Hiyo usiitumie kumsafisha. Iweke kando kwanza, kisha uichunguze yenyewe kama tokeo, yaani kitu kinachotafutiwa maelezo.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaioni. Kama wanawake wanachujwa kwa ukali zaidi kabla ya kupewa mashine, wale 10 waliopenya huenda ni hodari kuliko wastani wa wale wanaume 60. Ukiwalinganisha ndani ya kazi hiyo ukaona malipo sawa, unaweza kuwa unamlinganisha fundi mzuri na fundi wa kawaida bila kujua. Rigresheni inaweza hata kukuonyesha wanawake wakilipwa zaidi kidogo, na mtu akashangilia usawa usiokuwepo.

Utasikia watu wakikutajia kisa cha chuo kikuu cha California kule Berkeley, na ni vizuri ukijue mapema kwa sababu huenda mtahini wako akakitoa. Mwaka 1973 takwimu za jumla zilionyesha wanaume wakikubaliwa masomo ya juu kwa uwiano mkubwa kuliko wanawake. Bickel na wenzake walipochambua idara moja moja, katika makala ya mwaka 1975, pengo lilitoweka na hata kugeuka kidogo: wanawake walikuwa wameomba kwa wingi idara ambazo kila mtu alipata shida kuingia. Hapo kugawa kwa idara kulikuwa sahihi, kwa sababu muombaji ndiye aliyechagua idara na idara ndiyo iliyoamua kumkubali au kumkataa. Kwako Mafinga anayechagua kazi kwa kiasi kikubwa ni nyapara. Hesabu ni moja, ila mwamuzi ni mwingine, na hapo tafsiri inabadilika kabisa.

Sasa njia zenyewe. Mwaka 1973 Ronald Oaxaca na Alan Blinder, kila mmoja kwa makala yake, walionyesha namna ya kugawa pengo la wastani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza linatokana na sifa, kwamba kundi moja lina elimu au uzoefu zaidi. La pili linatokana na bei za sifa hizo, kwamba mwaka mmoja wa shule unamwongezea mwanaume zaidi ya unavyomwongezea mwanamke, pamoja na kile kinachobaki bila maelezo. Unaendesha rigresheni mbili, ya wanaume peke yao na ya wanawake peke yao, kisha unauliza wanawake wangelipwa kiasi gani kama sifa zao zingelipwa kwa bei za wanaume.

Angalia unachagua bei za nani. Tuseme, kwa kubuni tena, wanaume wana wastani wa miaka 9 ya shule na wanawake 7, na kila mwaka unaongeza asilimia 8 kwa wanaume lakini asilimia 5 kwa wanawake. Kwa bei za wanaume, elimu inaeleza tofauti ya malipo ya takriban asilimia 16. Kwa bei za wanawake, inaeleza 10. Data ni hiyo hiyo. Toa majibu yote mawili kwenye tasnifu na uyaweke kwenye jedwali moja, usimfiche msomaji. Na fungu la pili usiligawe kigeu kimoja kimoja ukasema "kiasi hiki ni bei ya elimu, kiasi hiki ni bei ya kazi". Kwa vigeu vya makundi, namba hizo hubadilika ukibadilisha tu kundi la kulinganishia, kwa hiyo hazina maana ya kutegemewa. Lijumlishe, litaje mara moja, songa mbele.

Kwa swali lako hasa, njia inayokufaa zaidi ni ya Brown, Moon na Zoloth ya mwaka 1980. Wao walikataa kuichukulia kazi kama kitu kilichoshuka kutoka juu. Kwanza wanakadiria, kwa kutumia data ya wanaume, uwezekano wa mtu mwenye elimu na uzoefu fulani kuwa katika kila aina ya kazi. Kisha wanawapitisha wanawake kwenye kipimo hicho hicho: wakiwa na elimu na uzoefu wao, wangapi wangekuwa maopereta kama wangegawiwa kazi jinsi wanaume wanavyogawiwa? Pengo linatoka katika mafungu manne: tofauti ya malipo ndani ya kazi inayoelezwa na sifa, na isiyoelezwa, tofauti ya mgawanyo wa kazi inayoelezwa na sifa, na isiyoelezwa. Nadhani fungu la mwisho ndilo litakalobeba tasnifu yako. Ni pale linapokaa lile neno la moyo wako, ila sasa likiwa na namba na kosa sanifu lake (kipimo cha namba hiyo inaweza kuyumba kiasi gani).

Hata hilo fungu la mwisho bado si ubaguzi moja kwa moja. Ni kile ambacho elimu na uzoefu vimeshindwa kukieleza. Mwenye kiwanda amekupa maelezo yake, kwamba wanawake hawapendi mashine. Usiyadharau, yapime. Una namba za simu za uliowahoji? Rudi na maswali machache: Ulipoingia ulipewa kazi gani siku ya kwanza? Nani alikupa? Umewahi kuomba kuhamia kwenye mashine? Ulijibiwaje? Nani alikufundisha mashine, kama unaijua? Hilo la mwisho lina uzito kwa sababu kwenye viwanda vidogo uopereta haufundishwi darasani. Kijana anasimama kando ya mwenzake, anapokea ubao unapotoka kwenye msumeno, anajifunza kusoma gogo, siku opereta akiugua anashika yeye. Kama nafasi ya kusimama kando ya msumeno hapewi mwanamke, basi ujuzi wa mashine unaouingiza kwenye rigresheni kama sifa yake binafsi nao umegawiwa getini.

Maswali hayo yakijibiwa vizuri, kuna hesabu moja nzuri sana ambayo sijaona wanafunzi wengi wakiifanya. Chukua wote walioanza na kupanga au kubeba mbao, wanaume kwa wanawake, elimu inayofanana. Hesabu miezi tangu siku waliyoanza hadi siku waliyowekwa kwenye mashine. Ambao hawajawekwa hadi leo usiwatupe. Waandike kwamba wamesubiri miezi kadhaa na bado. Hii ni data ya muda wa kusubiri, ile ile wanayotumia madaktari kufuatilia wagonjwa, na vifaa vyake ni vya zamani na imara: mchoro wa Kaplan na Meier wa mwaka 1958, na modeli ya Cox ya mwaka 1972. Chora mistari miwili, wa wanaume na wa wanawake, uone inashuka vipi. Kama watu walioanza kwenye rundo moja la mbao, na elimu moja, wanaachana baada ya mwaka, mtahini ataona kwa macho yake kitu ambacho jedwali la vizidishi halionyeshi. Tahadhari ni moja. Walioacha kazi hawamo kwenye dodoso lako, na huenda walioacha ni wale waliochoka kusubiri. Liseme hilo wazi, na kama kiwanda kitakuruhusu kuona daftari la mahudhurio la miaka ya nyuma, lipiganie.

Haya yote yanasimama juu ya kitu kimoja ambacho hukukigusa kwenye barua yako, nacho ni malipo yenyewe. Umeyapima vipi? Hapa ndipo tasnifu nyingi za mishahara zinapoharibikia, na hakuna modeli itakayoziokoa baadaye.

Opereta wa kiwanda kikubwa anakuambia mshahara wa mwezi. Mbebaji anakuambia ya leo. Mpangaji anakuambia kwa ubao. Ukiyageuza yote kuwa ya mwezi kwa kuzidisha na siku 26, umemzawadia kibarua siku ambazo hakupata kazi. Geuza yote kuwa malipo ya saa moja ya kazi, kwa kuuliza siku alizofanya wiki iliyopita na saa za kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini usiweke 45 kwa kila mtu, uliza. Wanawake wengi wanaondoka mapema au wanakosa siku kwa ajili ya mtoto, na ukitumia malipo ya mwezi utakuwa umechanganya saa chache na bei ndogo ya saa. Hayo ni matatizo mawili tofauti na yana tiba tofauti. Chukua malipo kabla ya makato, ongeza thamani ya chakula cha mchana na nyumba kama vipo, na andika mwezi uliofanya mahojiano.

Ukitaka kuona jinsi kipimo kinavyoweza kukudanganya, panda gari uende kwenye mashamba ya chai, Mufindi hapo au Rungwe. Mchumaji anashusha kapu kwenye banda la kupimia, mizani inasoma, karani anaandika kilo. Bei ya kilo ni moja kwa wote. Ukilinganisha bei ya kilo utasema usawa umetimia. Lakini kilo za mtu zinategemea kipande cha shamba alichopewa asubuhi, majani yake yako katika hali gani, banda liko mbali kiasi gani, na alifika saa ngapi. Kipande anagawa nyapara. Na mwezi nao unahesabika: wakati wa mvua majani yanakuja kwa wingi, kwenye baridi ya Juni na Julai kapu halijai. Ukiwahoji wanaume Machi na wanawake Julai, umepima hali ya hewa. Mbao hazina msimu mkali kiasi hicho, lakini barabara za msituni wakati wa masika unazijua mwenyewe.

Ukishapata malipo ya saa, chora mchoro wa mgawanyo wake kabla ya rigresheni yoyote. Fanya hivyo pia kwa malipo ya siku kama yalivyotajwa: utaona vilima kwenye namba za mviringo, 5,000, 10,000, kwa sababu watu wanakadiria. Utaona pia kilima kwenye kima cha chini cha mshahara. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kilimo na 115,000 kwa viwanda na biashara. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha viwango. Tafuta kiwango kilichokuwa kikitumika siku ulipohoji, chora mstari wima hapo, na uhesabu wanawake wangapi na wanaume wangapi wako chini yake. Jibu la hesabu hiyo ndogo huenda likawa na maana zaidi kwa watu wa Mafinga kuliko sura yako nzima ya tatu.

Tumia logi ya malipo, kama Jacob Mincer alivyofanya katika kazi yake ya mwaka 1974 ambayo karibu sote tunaifuata. Ila tafsiri vizuri: kizidishi cha -0.25 si asilimia 25. Ni takriban asilimia 22, kwa sababu namba e ya logi asilia (takriban 2.718) ikipandishwa kwenye -0.25 inatoa 0.78. Elimu iweke kwa hatua (hakumaliza msingi, darasa la saba, kidato cha nne, zaidi) maana kwetu mwaka wa tatu wa sekondari bila cheti haulipi kama cheti chenyewe. Na uzoefu usiuhesabu kwa umri kutoa miaka ya shule kutoa 6, kama vitabu vinavyoelekeza. Kwa mwanamke aliyezaa watoto watatu hesabu hiyo inampa uzoefu ambao hakuupata, halafu inamwona analipwa kidogo kwa uzoefu wake mkubwa. Umekwisha kuwahoji, uliza miaka halisi ya kazi.

Suala la nani yuko kwenye data yako lipite kwa uangalifu. Unaona malipo ya walioajiriwa tu. Wanawake wa Mafinga walioamua kulima, kuuza mboga au kuwa mama lishe hawamo, na huenda waliamua hivyo kwa sababu kiwandani wangepata kidogo. Vitabu vitakuelekeza kwenye njia ya James Heckman ya mwaka 1979, ya kusahihisha data inayokosa wasioajiriwa. Mimi sikushauri. Njia hiyo inahitaji kitu kinachomsukuma mtu kuajiriwa au kutoajiriwa bila kugusa malipo yake, na watu wengi hutumia idadi ya watoto wadogo. Lakini mwajiri anayesitasita kumpa mama mdogo mashine amekwisha kuharibu sharti hilo. Wewe andika tu kwamba majibu yako yanahusu waliomo viwandani. Ukitaka kuzungumzia wilaya nzima, utahitaji data ya kaya, kama Utafiti wa Nguvukazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao ulifanyika mwaka 2014 na tena 2020/21. Nayo ina kasoro yake kwa kazi yako: ukishuka hadi viwanda vya mbao vya Mufindi, watu wanaobaki kwenye sampuli ni wachache mno.

Wafanyakazi wako wamekaa makundi makundi, kila kundi kiwandani kwake, na hilo lina mambo mawili. La kwanza ni makosa sanifu: watu wa kiwanda kimoja wanafanana, kwa hiyo mia kutoka viwanda vitano si sawa na mia kutoka viwanda mia. Kokotoa makosa sanifu kwa kundi la kiwanda, na kama viwanda ni vichache tumia njia ya kuchukua sampuli upya iliyotengenezwa kwa makundi machache, waliyoieleza Cameron, Gelbach na Miller mwaka 2008. La pili linavutia zaidi. Linganisha rigresheni yenye kiashiria cha kila kiwanda na isiyo nacho. Kama pengo linapungua sana ukiingiza viwanda, maana yake wanawake wamejaa kwenye viwanda vinavyolipa kila mtu kidogo. Card, Cardoso na Kline walionyesha mwaka 2016, kwa data ya Ureno, kwamba takriban sehemu moja ya tano ya pengo la jinsia kule ilitokana na malipo ya ziada ya kampuni. Sitashangaa ukikuta jambo hilo kati ya viwanda vikubwa na ding dong, ila upande linakoelekea sitaki kukutabiria.

Gini iache. Kipimo hicho cha Corrado Gini cha mwaka 1912 kinakupa namba moja ya ukosefu wa usawa wa kundi zima, na swali lako ni la makundi mawili. Hakigawanyiki vizuri kati ya kilicho ndani ya makundi na kilicho kati yao. Kipimo kingine cha ukosefu wa usawa, cha Theil, kinagawanyika, lakini usishtuke fungu la "kati ya wanaume na wanawake" likiwa dogo, kwa sababu tofauti ndani ya kila jinsia huwa kubwa sana. Haimaanishi pengo la jinsia si kitu. Kinachofaa zaidi ni kuangalia pengo chini, katikati na juu ya mgawanyo: panga wanawake na wanaume kila kundi peke yake, linganisha mtu wa 10 kutoka chini katika kila mia, wa 50, na wa 90. Pengo likiwa kubwa juu, huenda wanawake wanazuiwa kupanda. Likiwa kubwa chini, tazama tena ule mstari wa kima cha chini. Ukitaka kuingiza elimu na uzoefu hapo, rigresheni ya kwantaili ya Koenker na Bassett, ya mwaka 1978, inatosha kwa ngazi yako.

Programu: tumia R. Ni ya bure na inafanya kila nilichokitaja. Kuna kifurushi kinachoitwa oaxaca, kingine survival kwa ule muda wa kusubiri, na quantreg kwa kwantaili. Hesabu ya Brown na wenzake utaiandika mwenyewe kwa mistari michache ya modeli ya uchaguzi wa kazi, na ni vizuri uiandike mwenyewe ili uielewe. Majina ya viwanda na ya watu yafiche kabla hujampa mtu yeyote faili, maana katika mji mdogo cheo na umri tu vinatosha kumtambulisha mtu, na opereta wa kike wa kiwanda fulani huenda yuko mmoja.

Kuhusu msimamizi wako, usiende kumwambia amekosea. Mpelekee jedwali lenye safu tatu: pengo ghafi, pengo baada ya elimu na uzoefu, pengo baada ya aina ya kazi. Chini yake weka jedwali la pili ambalo tokeo ni kuwekwa kwenye mashine. Mkumbushe kwamba sheria ile ya 2004 inapokataza ubaguzi kazini haiishii kwenye malipo, inataja pia upangaji wa kazi, mafunzo na kupandishwa cheo. Kisha, mahali alipotaka uandike "hakuna ubaguzi", pendekeza maneno haya, ukijaza namba zako: "Kati ya wafanyakazi wa kazi moja, tofauti ya malipo ya saa kati ya wanaume na wanawake ni ndogo. Sehemu kubwa ya pengo inatokana na wanawake kutokuwa kwenye kazi za mashine, na elimu pamoja na uzoefu vinaeleza kiasi hiki tu cha tofauti hiyo ya mgawanyo." Kila neno hapo unaweza kulitetea mbele ya watahini kwa data uliyonayo. Majibu ya yale maswali ya simu yakirudi, niandikie tena, tuone kama sentensi ya tatu inaweza kuongezwa.